Gofu la Mzee

Habari ya kufungwa kwa michezo tuliipata kutoka shingoni kwa mama mmoja. Alikuwa anakata nyasi za kutandaza migombani, simu yake ndogo ameifunga kamba na kuining'iniza shingoni, redio inaongea kwa sauti kubwa. Sisi tulikuwa shimo la sita. Redio ikasema kwa sababu ya corona hakuna tena mikusanyiko, hakuna ligi, hakuna mashindano ya aina yoyote, mpaka itakapotangazwa vinginevyo. Mzee alikuwa ameshainua fimbo apige. Akaishusha polepole bila kuugusa mpira.

"Tumesikia," akasema.

"Tumesikia nini, mzee? Hao wanaongea na watu wa mpira wa miguu."

"Amesema ya aina yoyote."

"Sasa sisi watatu ndio mkusanyiko? Rweya yote hii?"

Akainama, akaokota mpira, akaufuta kwenye suruali. "Mwanangu, mimi ni mzee wa kanisa. Siwezi kusimama madhabahuni Jumapili nasoma matangazo ya serikali, halafu Jumatatu niko huku nayavunja."

Akaondoka hivyo hivyo. Mwenzangu alibaki amesimama na kadi mkononi, kadi yenye mashimo matano yaliyojazwa, na sijawahi kuona mtu anaangalia karatasi vile.

Niwaeleze kwanza tulikuwa wapi, maana watu wakisikia gofu wanawaza matajiri na magari meupe. Rweya ni zile nyasi zetu zinazoanza migomba inapoishia. Hakioti kitu pale zaidi ya nyasi, ng'ombe wanalisha, akina mama wanakata nyasi, watoto wanateleza na magome ya migomba. Ukitoka Bukoba ukashika barabara ya Muleba unaziona kulia na kushoto. Mzee wetu huyu alifanya kazi miaka mingi kwenye mashamba ya chai huko Kenya, na huko wazungu wa chai walimfundisha gofu mpaka akawa anawafunga. Aliporudi kustaafu akachimba mashimo tisa kwenye rweya ya ukoo wao, akafukia makopo ya maziwa ndani, kuzunguka kila kopo akakwangua nyasi na kumwaga mchanga, ukimaliza unausawazisha kwa gunia. Ukizunguka mara mbili una mashimo kumi na nane. Ndiyo gofu yetu hiyo.

Mimi nilifika pale kwa sababu ya kuchomelea. Naishi Kitendaguro, nachomelea mageti na madirisha, hakuna aliyenifundisha, nilijifundisha mwenyewe kwa kuunguza vidole. Mzee aliniletea fimbo iliyokatika shingo. Nikaiunga kwa kipande cha bomba. Akaniambia hebu jaribu kupiga uone kama imeshika. Nikapiga, mpira haukwenda popote, nikatukana, akacheka, nikarudi kesho yake. Mwezi uliofuata nikamleta mwenzangu.

Mwenzangu huyu baba yake ni mchuuzi wa dagaa, mmoja wa wale watu waliotoka mbali wakaweka kambi kwenye visiwa vya Muleba. Alimleta mwanawe Kahororo kwa shangazi yake ili asome, na tulikutana hapo tukiwa wadogo. Siku ya kwanza shuleni walimcheka Kiswahili chake na mimi nikapigana na watatu kwa ajili yake. Nilipigwa, lakini walielewa. Tangu hapo ukimgusa yeye umenigusa mimi, hiyo haina mjadala.

Sasa mimi gofu nacheza kwa hasira, mpira unaenda kwa ng'ombe. Yeye akipiga, hata wale akina mama wa nyasi wanasimama, mikono kiunoni. Mzee alimwangalia wiki mbili tu akaniambia pembeni, "Huyu asiishie hapa."

Kulikuwa na mashindano ya ridhaa yanakuja Mwanza. Ridhaa maana yake hulipwi, unacheza kwa mapenzi. Lakini aliyefanya vizuri angechukuliwa pale uwanjani, afundishwe, abaki. Sisi wa mbali tusio na klabu tuliambiwa tutume kadi tatu, kila moja ya mashimo kumi na nane, zimesainiwa na mchezaji anayetambulika aliyezunguka na wewe na kuhesabu mapigo yako. Huku kwetu anayetambulika alikuwa mmoja tu, mzee. Na baba yake mwenzangu alikuwa ameshasema neno lake: jina likiingia kwenye hayo mashindano, sawa, akae nchi kavu. Lisipoingia, arudi kisiwani kwenye dagaa, ujana umetosha.

Siku redio inaongea shingoni kwa yule mama, tulikuwa na kadi moja tu iliyokamilika.

*

Wiki zikaanza kupita. Nikampigia simu yule bwana wa Mwanza anayekusanya kadi. Akasema mashindano yameahirishwa, yatafanyika michezo ikifunguliwa tu, ila orodha ya majina itafungwa siku ile ile iliyopangwa, Ijumaa ya mwisho ya mwezi.

"Sasa tutacheza vipi na mmetufungia?"

"Sijakufungia mimi, kaka. Mkipata kibali cha serikali ya huko kwenu, kadi zenu nazipokea."

Niliumia sana kipindi kile, na sisemi kwa mapambo. Nilikuwa naenda sokoni Bukoba naona watu wamebanana kwenye mikungu ya ndizi, jasho la huyu linamdondokea yule, ndoo ya kunawia imekauka tangu asubuhi. Halafu sisi! Mchezo ambao ukimsogelea mwenzako anapopiga unavunjwa meno! Mchezo ambao mtu mmoja yuko kwenye kichuguu, mwingine bondeni, wa tatu anatafuta mpira kwenye kinyesi cha ng'ombe! Ndio tuliofungiwa. Niliongea hayo kwa kila mteja aliyeleta geti, mpaka mmoja akaniambia, "Fundi, mimi nimekuja kwa bawaba tu."

Mwenzangu alikuwa na lake. Asubuhi alikuwa anakwenda rweya peke yake, anapiga mipira ile ile kumi na moja, anaifuata, anaipiga tena kurudi. Mtu mmoja si mkusanyiko. Lakini kupiga peke yako hakuna kadi, hata ukipiga kama malaika.

Nikamfuata mzee nyumbani kwake. Alikuwa amekaa kibarazani, kiti cha wageni amekiweka mbali kule kwenye mibuni, unaongea kama unanadi mnadani.

"Mzee, kijana anazama."

"Najua."

"Twende tukamalize kadi mbili tu. Nani atatuona?"

"Mungu ataniona na mtendaji ataniona." Akaninyooshea kidole. "Niletee karatasi yenye muhuri. Ukileta muhuri, hata kesho nakuja."

Basi nikaandika barua. Mwenzangu alitaka kuiandika yeye, mwandiko wake ni mzuri, nikamwambia kaa, hii inahitaji akili ya mtaani. Nikajifanya mjanja. Nikawaza, maneno yaliyofungwa na redio ni mchezo na mashindano. Nikiandika mchezo, wameninyima kabla sijamaliza mstari. Kwa hiyo nikayatoa yote. Sikuandika mchezo wa gofu, niliandika gofu. Sikuandika kucheza, niliandika kutumia. Na kwa kuwa nilitaka Kiswahili kisimame vizuri mbele ya serikali, nikaandika hivi, naikumbuka mpaka leo: "Sisi vijana wawili pamoja na mzee mwenyewe tunaomba kibali cha kulitumia gofu la mzee lililoko rweya, kwa siku mbili, ili tumalize kazi iliyobaki." Nikaisoma kwa sauti. Nikajisifia.

Mtendaji wa kata ile alikuwa mama wa makamo, amevaa barakoa ya kitenge kinachofanana na gauni. Nilinawa kwenye ndoo ya koki mlangoni, nikasimama hatua tano kama tulivyoelekezwa. Akasoma barua huku simu yake inaita.

"Gofu la mzee yule wa chai?"

"Ndiyo, mama."

"Nyoka hawamo humo?"

"Wamo, mama. Tumezoeana nao."

Akanitazama juu ya miwani. "Na mzee mwenyewe amekubali mliguse?"

"Yeye ndiye anatuongoza, mama."

"Watatu tu?"

"Watatu tu, na tunakaa mbalimbali. Gofu lenyewe ni kubwa."

"Kubwa nalijua," akasema. Akaandika chini ya barua yangu kwa kalamu nyekundu, akapuliza muhuri kwa pumzi, akagonga. Nilitoka pale nataka kuruka. Nje ndiyo nikasoma: Wanaruhusiwa. Wasizidi watatu. Wasibomoe.

Hilo la mwisho lilinisimamisha kidogo. Wasibomoe nini? Nikawaza, anamaanisha tusichimbue ardhi kwa zile fimbo, kumbe mama anajua mambo. Nikamwambia mwenzangu, "Umeona? Serikali inaijua gofu." Akacheka, mara ya kwanza tangu redio.

*

Siku ya kwanza mzee alikuja amevaa barakoa, kofia, na soksi ndefu zilizopandishwa mpaka gotini. Akaikunja barua yenye muhuri akaiweka mfuko wa shati, juu ya moyo. Wakacheza. Mimi nilibeba fimbo na kutawanya ng'ombe. Mwenzangu alicheza vizuri sana, mzee akasaini kadi ya pili akiwa anatikisa kichwa. Bado moja. Hiyo ilikuwa Jumatano.

Alhamisi mvua ilitukawiza. Tukaanza jua likiwa limeshapanda, nyasi zimelowa, suruali zinatuganda mpaka kwenye mapaja. Mwenzangu alianza vibaya akajirudisha. Shimo la kumi na nne alikuwa amebakiza kidogo tu kuipita kadi ya jana, na alikuwa ameinama kwenye mchanga anatoa mpira ndani ya kopo, ndipo tukasikia kengele ya baiskeli.

Alikuwa mgambo. Mrefu, gwanda limemfupikia mikononi. Mtu alikuwa amepeleka habari kwamba kuna watu wanacheza mashindano rweya. Akashuka, akamwamkia mzee kwa heshima zote, akainamisha kichwa, "Waitu, nisamehe, nimetumwa." Mzee akatoa barua mfukoni, akaiweka juu ya nyasi, akarudi nyuma hatua mbili. Mgambo akaiokota, akaisoma midomo ikitembea.

"Gofu liko wapi?" akauliza.

"Unalikanyaga," nikamwambia.

Akaangalia viatu vyake. "Hapa ni rweya."

"Ndiyo gofu yenyewe."

"Kaka, usinifanye mtoto. Gofu ni nyumba iliyokufa." Akanyoosha kidole mpaka ukingo wa migomba, ambako kuna ghala la kahawa la marehemu baba yake mzee, paa limeondoka zamani, kuta mbili zimebaki, popo tupu. "Gofu la mzee ni lile. Humu imeandikwa mlitumie, msibomoe. Hapa kuna kitu cha kubomoa?"

Mzee akavua kofia. Akaniangalia, kisha akaiomba barua, akaisoma upya, safari hii kwa makini ya mtu anayesoma hukumu. "Gofu la mzee," akasema taratibu. "Lililoko rweya. Mwanangu. Ungeandika mchezo wa gofu."

"Mchezo umefungwa, mzee!"

"Basi ungeandika *ya*. Gofu ya mzee. Ulivyoandika *la*, umeomba jengo."

Neno la herufi mbili. Naapa nilitaka kula ile karatasi.

Yule mgambo hakuwa mtu mbaya, na hili ndilo linaloniuma. Aliona uso wa mwenzangu. Akauliza, "Yamebaki mashimo mangapi?" Mwenzangu akamjibu manne. Mgambo akakuna shingo. "Ngoja nimpigie mama mtendaji, nimweleze kwamba ni kosa la maandishi. Mkimalizia manne haraka, mimi nitakuwa nimesimama hapa nawasimamia. Watatu kwenye uwanja huu, corona itachoka njiani." Hata mzee alicheka.

Akapiga simu. Akaweka sauti ya nje ili tusikie. Akamweleza mama vizuri tu, mama, hawa hawakuwa wanataka ghala, wanacheza ule mchezo wa fimbo na kimpira. Halafu mama mtendaji akasema, "Ina maana yule kijana alinidanganya usoni?"

"Hakukudanganya, mama, ni lugha..."

"Nilimuuliza nyoka! Nilimuuliza mzee amekubali waliguse! Anajibu tu ndiyo mama, ndiyo mama. Mimi nilidhani wanakwenda kuokota matofali wajenge choo. Mpe nimuulize."

Mgambo akaninyooshea simu, na kwa jicho akaniambia omba msamaha. Mwenzangu akanikazia macho vilevile. Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Samahani, mama. Mtoto wa darasa la kwanza analiweza.

Nikasema, "Mama, mtendaji mzima hujui gofu? Muhuri huo walikupa wa kugongea chapati?"

Sikuishia hapo. Nikamwambia aende sokoni akahesabu mikusanyiko halali. Nikamwambia ametuletea popo wakati sisi tunatafuta maisha. Yote niliyokuwa nimewaambia wateja wa mageti kwa wiki zote zile yalimwagika kwenye ile simu, na nilipomaliza, kwa sekunde moja, nilijisikia vizuri sana.

Mama hakupandisha sauti. "Mgambo," akasema, "watoke hapo sasa hivi. Na fimbo zao wazikabidhi kwa mzee. Wakirudi, walete ofisini wote watatu."

Mwenzangu alienda akapiga magoti mbele ya mzee kwenye nyasi zilizolowa, kama wanavyopiga kwetu mbele ya baba mkwe. Sikuwahi kumwona akimpigia mtu magoti. "Tata," akamwita kama baba yake mwenyewe, "ninaomba. Mashimo manne. Unaujua mchezo wangu. Andika tu."

Mzee alitoa kalamu ya risasi. Aliishika muda mrefu. Nikaona ncha inaigusa kadi na nikadhani anaandika.

"Siwezi kusaini pigo ambalo sijaliona," akasema. "Ningekuwa nimeliona, ningesaini." Akairudisha kalamu mfukoni, akamshika bega, halafu akakumbuka corona, akaliachia.

*

Ijumaa asubuhi na mapema nilikuwa kwenye mlango wa ofisi ya kata kabla hawajaweka ndoo. Mama mtendaji alipofika nilipiga magoti palepale kwenye vumbi, watu wanaangalia, mimi ninayejulikana Kitendaguro nzima kwa mdomo. Nikamwambia mama nimekosa. Nikamwambia yule kijana hana kosa, ni mimi, niadhibu mimi. Nikamweleza kadi, Mwanza, kisiwa, kila kitu, kwa mara ya kwanza nikatumia maneno yote, mchezo, mashindano, sikuficha hata moja.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia nisimame.

"Ungenieleza hivi siku ile," akasema, "ningempigia mkubwa wangu nikakuombea. Watu watatu tu, ningeombea. Leo ana kikao mpaka jioni. Njoo Jumatatu."

"Mama, orodha inafungwa leo."

"Sasa mimi nifanye nini, mwanangu?"

Na kweli, angefanya nini. Nikampigia bwana wa Mwanza nikiwa bado pale nje. Nikamwambia tunazo kadi mbili kamili na ya tatu ina mashimo kumi na nne. Nikamwambia mashimo hayo kumi na nne yanatosha kumjua mtu. Akasema ananielewa, akasema kweli ananielewa, lakini tatu ni tatu.

Nilirudi kwangu nikachukua kadi ile ya tatu, mwenzangu alikuwa ameniachia. Nikaweka mezani. Nilijua namba za kuandika, nne, tatu, nne, nne, ni mtu ambaye angezipiga amelala. Saini ya mzee ningeweza kuiiga, nimeiona mara mbili. Mwenzangu akaingia akanikuta na kalamu. Aliichukua kadi bila haraka, akaichana mara moja, akaichana tena.

"Usinisaidie tena," akasema. Hakusema kwa ubaya. Ndivyo ilivyozidi kuuma.

Baba yake alikuja na mtumbwi Jumanne, akamsubiri ufukweni. Wiki chache baada ya hapo redio zilitangaza kwamba michezo imefunguliwa, watu wacheze, na rweya kulikuwa na ng'ombe tu.

Jumanne hiyo nilimsindikiza mpaka mwaloni kule Muleba, pale mitumbwi ya dagaa inapotia nanga. Njiani tulipita Kishanda, shangazi yake ana ndugu pale, wakatupa ndizi za njiani, na nilijaribu kuongea, nikaongea sana, juu ya mashindano mengine ya mwakani, juu ya Uganda mpaka ukifunguliwa, juu ya fimbo mpya nitakayomtengenezea. Alikuwa anaitikia mh, mh. Mwaloni palikuwa na mtumbwi wa injini umeshapakiwa magunia matupu na chumvi. Baba yake, mtu mfupi mwenye sauti iliyozoea kushindana na upepo, aliona mwanawe ameshika fimbo moja mkononi, ile ya kwanza niliyoiunga kwa bomba. Mzee alikuwa amempa.

"Na hicho chuma cha nini?"

"Cha kufukuzia ndege kwenye dagaa, baba."

Wapakiaji wakacheka. Baba yake naye akacheka, akasema huyo sasa ndiye mwanangu, panda.

Mwenzangu akavua viatu, akaingia majini mpaka magotini, akapanda. Nilikuwa na la kumjibu yule baba. Lilikuwa limeshafika kwenye meno. Mwenzangu alinitazama kutoka kule juu ya magunia, akatikisa kichwa kidogo, hapana, na injini ikawaka.